Stroberi uani Sahare: shajara ya mradi kuanzia masika hadi vuli

Machi, masika hayajakolea

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kupata stroberi za kuliwa kutoka katika ua wa nyumba iliyo Sahare, mjini Tanga, mahali ambapo joto la mchana katika miezi ya kaskazi hupita nyuzi 32 mara kwa mara na upepo huja na chumvi. Karibu kila niliyemweleza nia hii amenijibu kwamba stroberi ni tunda la baridi, na kwamba anayelitaka apande basi aende Lushoto. Hawajakosea sana. Lushoto iko katika mwinuko wa takriban mita 1,400, na kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, wenzetu wa kule wanatuzidi kwa ubaridi wa nyuzi tisa hivi. Hata hivyo, kusema kwamba ni tunda la baridi hakutoshi kumsaidia mtu anayetaka kulipanda. Inafaa kujua ni kitu gani hasa katika joto letu kinachouzuia mmea huu kuzaa, na kama kuna wakati wa mwaka ambapo kizuizi hicho hupungua chenyewe.

Jambo la kwanza kuliondoa katika hesabu ni mwanga. Aina nyingi za stroberi hutengeneza maua siku zinapokuwa fupi, yaani zenye mwanga wa chini ya saa 14 hivi, na ndiyo maana katika nchi za mbali na ikweta mkulima hulazimika kungoja majira. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki dakika 40. Kwa stroberi, siku za hapa ni fupi Januari hadi Desemba. Kinachobaki ni joto, na zaidi ya yote joto la usiku: mmea unapokaa katika hewa ya zaidi ya nyuzi 25 mchana kutwa na usiku kucha, huacha kutengeneza maua na kuelekeza nguvu zake katika kutoa marando, zile kamba zinazotambaa na kuota mizizi mbele ya safari. Januari hadi Machi usiku wa Tanga haumpi mmea nafuu yoyote. Julai na Agosti, kusi likivuma, alfajiri hukaribia nyuzi 20. Kwa hiyo msimu wetu, kama upo, uko kati ya Juni na Septemba, na maandalizi yote yanapaswa kukamilika kabla ya hapo.

Aprili

Mvua imeanza na ardhi imelainika, kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni kuujua udongo. Ua huu, kama sehemu kubwa ya ukanda wa bahari wa Tanga, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Jembe likizama kina cha kiganja na nusu hugonga mawe meupe yenye alama za makombe. Si wa umri mmoja na mwamba wa mapango ya Amboni, lakini nao ni wa chokaa. Nilichukua udongo kidogo kutoka pembe mbalimbali za ua, nikauanika, kisha nikaudondoshea siki ya dukani. Ulitoa povu. Povu hilo ni hewa ya kaboni dioksidi inayofukuzwa asidi inapokutana na chokaa, na mtu akiliona hahitaji kipimo kingine ili kujua kwamba pH ya udongo wake (kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi na hupanda inapopungua) iko juu, karibu na 8.

Stroberi hupenda pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Ikizidi sana hapo, madini ya chuma yaliyomo udongoni hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyafyonza, na dalili yake huonekana kwanza katika majani machanga, ambayo hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuchanganya salfa ili kuushusha udongo, na ni ushauri mzuri kwa udongo wenye chokaa ya kiasi. Lakini pale ambapo chini yake ni mwamba mzima wa chokaa, salfa itakwisha na mwamba utabaki. Kwa sababu hiyo nimeamua kwamba hakuna mche utakaopandwa ardhini. Kila kitu kitakuwa katika vyombo, na kitakachojazwa katika vyombo hivyo kisiwe udongo wa ua.

Kilicho tele katika mkoa huu ni makumbi ya nazi. Chenga zinazobaki baada ya makumbi kuchambuliwa usumba hushika maji mengi bila kuziba hewa, na pH yake kwa kawaida iko palepale stroberi inapopataka. Tatizo lake ni chumvi. Makumbi yanayofukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike na kusokotwa kamba yamelowa maji ya chumvi kwa miezi, na hayo nimeyaepuka kabisa. Nimechukua makumbi makavu kwa muuza nazi anayezileta kutoka upande wa Muheza. Hata haya ya bara yana sodiamu na potasiamu nyingi kwa asili yake, kwa hiyo chenga zimewekwa katika pipa lililotobolewa chini na kuachwa zipigwe na mvua ya masika. Maji yaliyotoka mwanzoni yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kadiri mvua ilivyoendelea yakawa mepesi. Baada ya hapo nimezilowesha katika maji yenye nitrati ya kalisi, inayopatikana katika maduka ya pembejeo, kwa sababu kalisi huishika chenga na kuing'oa sodiamu iliyokuwa imejishikiza, kisha mvua ikaisukuma nje.

Kwa asiye na kipimo cha chumvi, mbegu za mchicha hutosha. Nimezisia katika bakuli la chenga zilizooshwa na bakuli la chenga zisizooshwa. Katika bakuli la pili miche ilichelewa kuchomoza na ncha za majani zikaungua; katika la kwanza iliota kama kawaida.

Mchanganyiko utakaotumika ni chenga za makumbi sehemu tatu, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri sehemu moja, na mchanga wa mto nusu ya sehemu. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa umejaa vipande vya makombe, yaani chokaa ileile inayokimbiwa. Majivu nayo hayafai, ingawa katika bustani nyingi za uani ndiyo dawa ya kila kitu, kwa sababu hupandisha pH. Kuna aliyependekeza mwani, ambao kina mama wa pwani hii wanaulima na mabaki yake hupatikana kwa urahisi. Una madini mazuri, lakini kuuosha chumvi yake kungekuwa kuianza upya kazi ya makumbi.

Mei

Vyombo. Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko nilivyotarajia, na nadhani ndipo mradi huu utakapofaulu au kushindwa, kwa sababu mizizi ya stroberi ni mifupi, hukaa karibu na uso wa udongo, na huchoka mapema joto la udongo likipanda. Jani linaweza kujipoza kwa kutoa mvuke. Mzizi uliofungiwa katika ndoo nyeusi juani hauna pa kukimbilia.

Nimeweka vyombo vya aina tatu vikiwa vimejazwa mchanganyiko uleule na kumwagiliwa kwa pamoja: ndoo kuukuu za rangi zenye matundu chini, viroba vyeupe vya kilo 25 vilivyokunjwa hadi nusu, na vyungu vya udongo visivyopakwa kitu, vya kimo cha mkono hadi kiwiko, nilivyonunua katika soko la Mgandini. Kila siku ya jua, mnamo saa tisa alasiri, nilitia kipimajoto katika kila kimoja kwa kina cha kidole. Ndoo zilikuwa na joto kuliko vyote, nyakati nyingine zikizidi hata hewa ya kivulini. Viroba vilifuata. Vyungu vilikuwa baridi kuliko vyote, na tofauti yake na ndoo ilikuwa ya nyuzi tano au sita katika siku za jua kali na upepo. Sababu ni ileile inayoyapoza maji ya mtungini: unyevu hupenya katika kuta za chungu, hugeuka mvuke kwa nje, na mvuke huo unapoondoka huchukua joto. Upepo wa kusi, ambao nilikuwa nimeuandika kama adui kwa sababu ya chumvi yake, unaongeza kasi ya kazi hiyo.

Vyungu vina kasoro zake. Vinakunywa maji, vinavunjika, na bei ya kimoja inatosha kununua ndoo kuukuu kadhaa. Vilevile chumvi hujikusanya katika ukuta na kuacha ukungu mweupe kwa nje, kwa hiyo mara moja kwa wiki maji yanapaswa kumwagwa kwa wingi mpaka yatiririke chini. Nimeamua miche mingi iende katika vyungu na michache ibaki katika viroba ili ulinganisho uendelee hadi mavuno. Ndoo nimeziacha, isipokuwa mbili nilizozipaka chokaa nyeupe kwa nje ili zirudishe mwanga, na zikakaribia viroba kwa ubaridi.

Mahali pa kuviweka ni upande wa mashariki wa nyumba. Jua la asubuhi hupiga hapo tangu linapochomoza hadi saa tano hivi, kisha kivuli cha ukuta huanza kusogea. Stroberi inahitaji mwanga wa jua wa saa sita au zaidi ili izae vizuri, kwa hiyo kuificha kabisa si suluhisho. Nimejenga kichanja chepesi cha miti na makuti yaliyotandazwa kwa nafasi, ili jua la mchana lipite kwa vipande. Upande wa kusini nimeziba kwa ukuta wa makuti yaliyosukwa. Chumvi inayoletwa na upepo huunguza kingo za majani, na stroberi za bustani ni dhaifu sana mbele ya chumvi. Hilo linashangaza kidogo, kwa maana mmoja wa wazazi wake wa mwituni ni mmea wa ufukweni, unaoota katika michanga ya Chile mbele ya mawimbi; lakini pwani ile ni ya baridi, na mchanganyiko uliotokea Ufaransa katika karne ya 18 haukurithi uvumilivu wote wa mzazi huyo.

Juni, wiki ya kwanza

Miche imefika. Niliichukua kwa mkulima mmoja Lushoto, ambaye anasema aina yake ni Chandler, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California katika miaka ya 1980 na ambayo hutaka siku fupi. Mkulima mwenyewe aliing'oa alfajiri, akaipunguza majani makubwa na kubakiza machanga mawili au matatu, akaifunga mizizi kwa magome mabichi ya mgomba. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara huteremka kwa kona zaidi ya kilomita 30, na mtu huhisi joto likipanda katika basi kabla ya kufika chini. Kuanzia hapo hadi Tanga miche ilikaa katika kikapu miguuni pangu, ikinyunyiziwa maji. Hakuna uliokauka. Katika mkoa huu tunapaswa kuyathamini mambo ya namna hii, kwa kuwa kati ya vitoto 1,000 vya mkonge ambavyo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliviagiza kutoka Florida mwaka 1893, vilivyonusurika safari vilikuwa 62 tu, na mashamba yote ya mkonge yaliyofuata yalianzia hapo.

Tulipanda jioni ileile. Jambo la kuangalia ni moyo wa mche, yaani lile shina fupi nene lililo kati ya mizizi na majani. Ukifukiwa huoza, ukiachwa juu mno, mizizi ya juu hukauka. Nusu yake ya chini iwe ndani na nusu ya juu iwe nje, na baada ya kumwagilia mara ya kwanza mtu arudi kuangalia, kwa sababu chenga za makumbi hushuka na moyo hubaki umeelea. Juu ya mchanganyiko nimetandaza nyasi kavu, ili tunda litakapokuja lisilale juu ya unyevu.

Juni, mwishoni

Miche imeshika na inatoa majani mapya. Baadhi ilileta maua iliyoyaanza kule mlimani, nami nimeyakata yote ili nguvu ziende kwanza kwenye mizizi. Bibi jirani alisimama kwenye ua wa makuti akiangalia kazi hiyo kwa mshangao.

"Mwanangu, mti unautaka uzae, na maua unayakata?"

"Shikamoo, bibi. Haya ni ya mapema. Ukiyaacha mti utazaa vitu vidogo na wenyewe udumae."

"Marahaba. Haya, wewe ndiye mwenye kujua. Mimi mbilingani yangu ingenitoa machozi."

Swali lake halikuwa la bure, kwa maana dirisha letu la ubaridi ni fupi na kila ua linalokatwa ni siku zinazopotea. Katika nchi ambako mmea utaishi miaka mitatu, kukata maua ya mwanzo hakuna mjadala. Hapa nimeona majuma matatu yanatosha, na baada ya hapo yataachwa.

Julai

Kusi limetulia katika mwendo wake na alfajiri ni za baridi kwa kadiri ya Tanga. Majani ni mapana na mazito. Marando yametoka katika miche yote, mengi zaidi katika viroba kuliko katika vyungu, jambo linalolingana na hoja ya joto, kwani mmea wenye joto huongeza marando. Nayakata kila yanapoonekana, isipokuwa katika miche mitatu iliyotengwa kuwa ya kuzalisha.

Maji yamehitaji uamuzi. Kisima cha uani kina maji ya chumvichumvi yenye chokaa nyingi, kama visima vingi vilivyochimbwa katika matumbawe. Sufuria inayochemshiwa maji hayo hupata ukoko mweupe ndani. Kuyatumia kungekuwa kuirudisha chokaa tuliyoikimbia, tone kwa tone. Maji ya bomba ya mji huu hutoka katika bwawa la Mabayani, lililo kwenye Mto Zigi, ambao hushuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, na hayana ugumu wa kisima. Kwa hiyo natumia ya bomba, na mara moja kwa wiki ya mvua yaliyohifadhiwa katika mapipa tangu masika. Humwagiliwa asubuhi tu, kwenye shina, bila kulowesha majani. Miche miwili iliyo katika viroba vya pembeni imeonyesha unjano wa majani machanga. Niliipa maji ya mvua pekee na majani yaliyofuata yametoka kijani.

Mbolea ni chai ya samadi, yaani maji yaliyolowekwa samadi, iliyopunguzwa nguvu, kila baada ya wiki mbili. Zaidi ya hapo huleta majani mengi, tunda laini na vidukari.

Agosti

Maua yamekuja kwa wingi katika vyungu na kwa uhaba katika viroba. Ndoo mbili zimetoa machache sana.

Ua la stroberi linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu umbo la tunda huamuliwa hapo. Katikati ya ua kuna kinundu cha njano kilichojaa viungo vya kike vidogo vingi, na kila kimoja kinapaswa kupata chavua yake. Kila kilichopata hugeuka kuwa ile inayoitwa mbegu ya nje, ambayo kwa lugha ya wanabotania ndiyo tunda halisi. Sehemu nyekundu tunayokula ni kitako cha ua kilichovimba. Kinavimba kwa amri ya mbegu hizo, ambazo hutoa homoni ya ukuzi iitwayo auksini, na pale zilipokosa chavua kitako hakivimbi, tunda likatoka limepinda na lenye kidonda kigumu upande mmoja. Mkulima akiona matunda yamepinda, aanze kwa kuwatafuta nyuki kabla hajatafuta dawa.

Historia ya mmea huu ina ushahidi wa jambo hilohilo. Mwaka 1714 mhandisi Amédée-François Frézier alirudi Ufaransa na miche mitano ya stroberi ya Chile yenye matunda makubwa, kumbe yote ilikuwa ya kike. Haikuzaa cha maana mpaka ilipopandwa karibu na stroberi ndogo za Amerika ya Kaskazini zilizokuwa na chavua, na kutokana na mchanganyiko huo likapatikana tunda la leo, ambalo asili yake ilielezwa na mwanabotania Antoine Nicolas Duchesne mwaka 1766. Aina za sasa zina viungo vya kike na vya kiume katika ua moja, lakini chavua bado inahitaji wa kuihamisha.

Nyuki wanakuja hapa asubuhi mapema, wakivutwa na mchicha ulioachwa utoe maua na mrehani uliopandwa kando. Upepo wa kusi ukiwa mkali hawaji kabisa, na siku hizo mimi mwenyewe hupitisha brashi laini ya rangi katika kila ua, kwa kuzungusha, mnamo saa nne, wakati chavua imekauka. Ni kazi ya dakika chache kwa bustani ya uani.

Wadudu. Utitiri mwekundu umejitokeza chini ya majani ya viroba vilivyo pembeni, mahali penye vumbi na ukavu. Nimewaosha kwa maji ya msukumo upande wa chini wa jani, asubuhi, kisha jioni maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa kwa wepesi. Sisimizi wamewaleta vidukari, na dawa ya vidukari ni kuwazuia sisimizi, kwa hiyo vyungu vimewekwa juu ya matofali yaliyosimama katika sahani za maji. Konokono wakubwa wa pwani, ambao hapa ndiko kwao asili, huokotwa usiku kwa tochi. Kunguru na shore ni jambo lingine. Tunda lilipoanza kupata wekundu nilifunika kichanja kwa nyavu kuukuu za wavuvi, zenye matundu yanayompitisha nyuki na kumzuia ndege. Chandarua hakifai, kwa kuwa vingi vimetiwa dawa, na matundu yake humfungia nyuki nje.

Septemba

Mavuno yameanza wiki ya mwisho ya Agosti na yanaendelea. Lushoto tunda huchukua takriban mwezi kutoka ua hadi kuiva. Hapa limechukua majuma matatu na siku kadhaa, na haraka hiyo ina gharama yake. Joto huharakisha uivaji kuliko linavyoruhusu sukari kujikusanya, na usiku wenye joto mmea hutumia kwa kupumua sehemu ya sukari uliyoitengeneza mchana. Matunda yetu ni madogo kuliko ya mlimani, mekundu sana, yenye harufu kali na uchachu uliozidi kidogo. Yale ya mwanzo, yaliyoiva katika siku za baridi, yalikuwa matamu kuliko ya sasa.

Kuvuna ni alfajiri, kabla ya jua, na tunda likatwe na kikonyo chake. Stroberi haiendelei kuongezeka utamu ikishachumwa, tofauti na embe au ndizi, kwa hiyo kuliwahi likiwa na bega jeupe kwa hofu ya ndege ni kujinyima. Likishachumwa halivumilii joto. Kufikia adhuhuri limelainika. Kwa sababu hiyo sioni kama stroberi ya Sahare ni biashara. Anayeuza sokoni Tanga atashindana na matunda ya Lushoto yaliyo makubwa na magumu zaidi, na gharama ya vyungu haitarudi. Kwa mezani, asubuhi, bakuli likitoka uani moja kwa moja, ni habari nyingine, na watoto wa nyumba mbili wameshajua saa ya kuvuna.

Kuhusu vyombo, vyungu vimezaa takriban mara mbili ya viroba kwa kila mche. Ndoo hazifai kuhesabiwa.

Oktoba

Kusi limekatika, siku ni shwari na nzito. Maua mapya hayatoki tena, na marando yamerudi kwa nguvu. Matunda ya mwisho ni madogo kama kucha.

Novemba

Mvua za vuli zimeleta madoa meusi yaliyodidimia katika matunda machache yaliyokuwa yamebaki na katika vikonyo vya marando. Ni ugonjwa wa ukungu unaopenda joto na maji kwa pamoja, na husambaa kwa matone yanayoruka kutoka jani hadi jani. Nimeondoa matunda yote, nimekata majani yenye madoa na kuyachoma, na vyungu nimevisogeza chini ya paa ambako mvua haivifikii. Moyo wa miche miwili uligeuka kahawia ulipopasuliwa; imetupwa pamoja na mchanganyiko wake.

Limebaki swali la kama miche hii itunzwe kupita kaskazi hadi kusi lijalo. Inawezekana kuiweka hai. Miche mitatu ya kuzalisha imetoa vitoto vingi vyenye mizizi, navyo vinaonekana vyenye afya. Lakini wakulima wa Florida, wenye joto kali la kiangazi, hawajisumbui na kazi hiyo. Kila mwaka hupanda miche mipya iliyokuzwa katika mashamba ya kaskazini yenye baridi, huvuna, kisha huing'oa yote. California nayo hukuza miche yake katika nyanda za juu kabla ya kuishusha katika mashamba ya pwani. Mche uliokulia baridini hushuka ukiwa na akiba ya chakula mizizini na maua yaliyokwisha kuanza ndani ya moyo wake, jambo ambalo kitoto kilichozaliwa Sahare mwezi wa Oktoba hakina. Sisi tuna mlima wetu katika mkoa huohuo, safari ya nusu siku.

Kwa hiyo nimepatana na mkulima wa Lushoto aniwekee miche ya Juni, na safari hii atenge ile iliyotokana na marando ya kwanza, iliyo nene zaidi. Vitoto vya hapa nitavigawanya: nusu vitabaki chini ya makuti kwa kumwagiliwa kidogo, ili Juni vipandwe kando ya vile vya mlimani na kulinganishwa kwa chungu na maji yaleyale, na nusu amechukua bibi jirani, ambaye ameshapanga vyungu vyake upande wa mashariki na kuniambia kwamba maua ya kwake hayatakatwa.

Desemba

Chenga za makumbi zilizotumika zimeoshwa tena kwa mvua za vuli na kuanikwa. Viroba vimetupwa. Nimeagiza vyungu vingine kwa mfinyanzi, vipana zaidi na vifupi kidogo, vyenye matundu matatu chini badala ya moja, naye ataleta mwishoni mwa Machi.